Muratina Niliyomimina Bila Kuitwa

Nyeri

Dada yangu Kagure,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini mguu umeanza kupona, na kwamba majirani wako wa Kangari bado wanakuchumia majani ya chai. Sisi tuko salama. Mama anakula vizuri, ila magoti yanamsumbua baridi ikizidi. Nimeona umenipigia simu mara nyingi. Sikushika, makusudi. Kwa simu ningekupigia kelele, heri niandike.

Jumamosi watu wa mchumba wangu Njue walifika kutoka Runyenjes kama tulivyopanga. Walileta mbuzi, blanketi la Mama na heshima zao zote. Baba Mdogo Moffat aliketi mahali pa marehemu Baba. Mimi nilikuwa chumba cha ndani na shangazi, nimevaa lile rinda la maua, nikingoja kuitwa nimimine muratina, ile pombe yetu ya asali. Unajua kwetu binti asipomimina, hakuna ndoa. Na kwa miaka yangu arobaini na tatu, dada, nilijua sitaitwa mara nyingine.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Muriithi, rafiki wa Njue anayefundisha Kiingereza, akapewa nafasi ya kunisifu. Huyo kijana anapenda misemo ya Wazungu kupita kiasi. Ati Waingereza wana neno la mwanamke kama mimi: kondoo mzima aliyevaa kama mwana-kondoo. Maskini, alidhani anasema bado ninang'aa kama msichana. Lakini Baba Mdogo alifanya kazi hoteli za Wazungu miaka mingi, na anajua maneno hayo ni ya kumcheka mama mzee anayejipamba kitoto. Aligonga meza. Akasema hatukualika watu waje kututukana, wafungue mbuzi wao warudi nao kama walivyokuja. Muriithi aliomba msamaha mpaka jasho likamtoka. Njue akapiga magoti. Wapi! Baba Mdogo alisema mazungumzo yamekwisha.

Wageni walipotoka nje kushauriana, nilimfuata Baba Mdogo jikoni. Nilimwambia nimetukanwa mimi, na mimi nimesamehe, sasa yeye anakasirikia nini? Hakuniangalia. Nilimzibia mlango mpaka akasema ukweli, shangazi akisikia. Alisema ulimpigia simu Alhamisi ukamsihi atafute sababu yoyote, hata ndogo, ya kuvunja ndoa hii, kwa kuwa nikiolewa Mama ataangukia mikononi mwako.

Kagure, sikulia. Miaka yote hii nimemwogesha Mama, nimempeleka kliniki, na wewe ukituma salamu. Sikuwahi kukulaumu. Ungeniuliza mimi, ningekuambia Njue alishakubali Mama aishi nasi. Chumba chake kimepakwa rangi.

Basi nilitoka nikawaita wageni warudi, nikachukua kibuyu bila kuitwa na mtu. Nilimimina, nikampa Mama mbele ya wote. Alikunywa akamaliza, ndiyo kusema amekubali. Baba Mdogo akarudi kuketi, na mbuzi wakabaki.

Harusi ni Aprili. Mama hajui ulichofanya. Kila asubuhi ananiuliza kama mguu wako utakuwa umepona uweze kuja, na ameanza kukuwekea kitambaa cha nguo. Mimi sitamwambia. Uje umwambie wewe mwenyewe, ukimtazama usoni.

Wasalimie watoto, na ujikinge na baridi.

Ni mimi mdogo wako,
Wakonyo