Kiboksi Kilicholia Bila Mashine

Dada Zuhura, shikamoo, wewe na unga wako kwenye nyusi.

Huku Gisenyi ziwa limetulia. Mimi ndiye siwezi kukaa. Maonyesho yamejaa vikompyuta vinavyofichwa ndani ya mashine. Nimeona pampu inayopima unyevu wa shamba kabla ya kumwagilia, na mizani ya viazi inayotuma ujumbe kwa simu. Mezani kwangu kuna kile kiboksi cha mashine yako ya kusaga, kinacholia ikianza kutetemeka vibaya.

Asubuhi kililia mara mbili ilhali mashine ya mfano niliyokifungia imezimwa. Kwa aibu nikadhani kimeharibika, nikakipunguzia usikivu mpaka kikanyamaza. Waamuzi wa mashindano walipofika mezani kwangu, chai ikacheza kwenye vikombe vyao. Kiboksi kimya! Mama anayegawa chai akacheka: "Bon, we mugeni. Hapa karibu na volkano udongo iko natetemeka, sisi tumeshazoea. Asubuhi kiboksi yako ilisema kweli, na we ukaifunga mudomo!"

Waamuzi wakaandika kitu, wakapita. Watarudi saa tisa. Nimekirudishia masikio yake, sambaza zangu, visamaki vya ziwani vya kukaanga, zimepoa, na nimeikodolea macho glasi ya maji tangu saa sita.

Dada yangu, niombee usalama kama kawaida yako. Ila leo usianze mpaka saa tisa ipite na waamuzi waondoke: mdogo wako anataka ardhi itikisike, kidogo tu.

Idi