Neno la Kufungulia Ofisi

Jumatatu, 9 Juni

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi: lifunge. Ukishindwa kulifunga, basi usimwambie mtu hata neno moja. Niko kwenye mkataba wa majaribio, na hapa watu hufukuzwa kwa kupiga chafya.

Leo bosi kaniita. Ijumaa wanunuzi wa ng'ambo wanakuja kuona viatu vyetu, na siku hiyohiyo Ofisi ya Mawasiliano itafunguliwa rasmi. Ofisi yenyewe ni mimi, meza, na kipaza sauti ninachosomea matangazo kila mchana. Anataka hotuba juu ya neno la Kiingereza "communicate": maana zake, limetoka wapi. "Kitu cha kisomi, binti. Wageni wanapenda." Utaratibu ni uleule: naandika Kiingereza, anatia sahihi, kisha nageuza Kiswahili mwenyewe na kuwasomea wafanyakazi.

Nimefurahi. Mjinga mimi.

Jumanne, 10 Juni

Neno tamu hili! Asili yake Kilatini, "communicare": kugawana, kukifanya kitu kiwe cha wote. Habari ni kimojawapo tu cha kugawana. Waingereza hulitumia hata kwa vyumba viwili vyenye mlango kati yake, kwa muumini anayepokea sakramenti, kwa ugonjwa unaotoka kwa huyu kwenda kwa yule. Nimeandika mpaka kidole kikauma.

Halafu fundi bomba akaingia kwa bosi. Mlango wazi, nikasikia yote. Bomba la choo limepasuka, linavujia kwenye tangi la maji ya kunywa. Bosi akasema litatengenezwa Jumamosi, wageni wakishaondoka. "Mkuu, watu wanakunywa." "Si wamekuwa wakinywa? Nani kafa?" Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe hujasikia kitu."

Sijasikia! Haya masikio nimeyabeba ya nini?

Jumatano, 11 Juni

Hotuba imerudi. Popote nilipoandika kugawana, kalamu nyekundu. Pembeni kaandika: "Hapa hatugawi kitu." Mahali pake kaweka sentensi yake: kuwasiliana ni kutoa ujumbe kwa wakati unaofaa.

Wakati unaofaa! Washonaji wawili wamerudi nyumbani wameshika matumbo. Mchana nikasoma tangazo la kufagia uwanja, kwa sauti yangu nzuri ya kila siku. Nilitamani kukitafuna kile kipaza sauti.

Sikusema. Niliogopa. Hasira zote hizi, na bado naogopa.

Alhamisi, 12 Juni

Mama mdogo anashona soli, kiwanda hikihiki, naishi kwake. Leo nimemvuta nyuma ya stoo, nikamnong'oneza: usinywe maji ya tangi, lina uchafu wa choo.

Nilidhani atanishukuru. Akanitazama kama mgeni.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu, mama mdogo. Wakijua ni mimi—"

"Mimi tu! Kwa hiyo nikae pale na chupa yangu, niwatazame wenzangu wakinywa? Nimekusomesha uje uninong'oneze?"

"Nitafukuzwa."

"Utafukuzwa, utakula kwangu. Si unakula kwangu sasa hivi? Tena unamaliza sufuria."

Akaondoka bila kugeuka. Nina hasira naye. Nina hasira kwa sababu hakukosea hata kidogo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimejifungia ofisini.

Wageni walisimama uwanjani, wafanyakazi kwenye milango ya kumbi zao. Kutoka dirishani mwa ofisi, kipaza sauti mkononi, nilisoma Kiingereza chenye sahihi, neno kwa neno. Makofi. Kisha Kiswahili. Bosi hajawahi kusikiliza Kiswahili changu; alikuwa anawapindia wageni kiatu kuonyesha ngozi ilivyo laini. Nikasema:

"Ndugu zangu, asili ya neno hili ni kugawana. Basi nawagawia nilicho nacho. Bomba la choo linavujia tangi la kunywa. Msinywe. Uongozi unajua tangu Jumanne. Mimi pia."

Sauti ilikuwa tulivu, kama natangaza basi limechelewa. Wageni wakapiga makofi tena! Bosi naye akapiga!

Ndipo wa ukumbi wa soli wakatoka, mama mdogo mbele, kila mmoja na kikombe chake, wakamwaga maji pale uwanjani, mbele ya viatu vya wageni. Hakuna aliyepiga kelele. Mgeni mmoja akauliza kitu. Bosi akakitupa kiatu, akaja mbio huku ofisini.

Sasa yuko mlangoni. Anagonga kwa ngumi. "Binti, fungua, tuongee kistaarabu." Leo ndiyo anataka tuongee!

Kipaza sauti bado kinawaka. Nimeshatangaza, na naandika hapa vilevile, daftari hili likiokotwa na yeyote: anayeumwa tumbo, au mwenye swali, asipitie mapokezi, watamrudisha. Apande ngazi za chuma nyuma ya stoo, agonge dirisha lenye wavu uliochanika. Nikiwa nimeshatolewa, aende nyumbani kwa mama mdogo, nyuma ya karakana ya baiskeli. Geti halifungwi, asukume tu. Amuulizie karani wa spika, ndivyo wanavyoniita, na aseme kwa sauti, si kwa kunong'o—