Samaki mwenye pengo ukutani

Shoga, sina mbavu! Unamkumbuka yule msimamizi wa ujenzi, bosi wa dada yangu, aliyemwacha wiki ya harusi yao?

Leo kaja na bibi harusi mpya kupiga picha kwenye ukuta wa baharini. Ule ule wenye samaki wa vigae vya rangi aliowabandika dada!

Bibi harusi kaganda. "Mpenzi, mbona huyu samaki ana pengo kama lako?"

Pengo lake, shoga! Na kidoti chini ya jicho!

Jamaa kamwona dada pembeni anaziba ufa. "Wewe! Bandua hiyo takataka!"

Dada hata hakuinuka. "Si ulitufundisha mwenyewe, bosi? Ukuta mzuri humsimamisha mpita njia. Haya, tazama wamesimama wangapi."

Foleni ya kupiga picha na huyo samaki ilifika barabarani. Wa kwanza bibi harusi, peke yake.