Baiskeli Iliyotazama Milimani

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumamosi ile ulipoichukua baiskeli yako ya njia za changarawe, ukasema utarudi kabla ya chakula cha mchana, na chakula kikapoa mezani. Mwaka mzima, na bado yapo mambo hatuyaelewi. Tunakuandikia hapa ujue tumefikia wapi, na waliokupenda wasome pia.

Karakana yako iko vilevile. Spana zinaning'inia ukutani, kila moja ndani ya mchoro wake wa chaki. Kaka anafungua saa mbili kama ulivyofungua wewe, lakini hana mkono wako. Wateja wanamwambia hivyo usoni, naye anakubali. "Baba yako angesikiliza kwanza," mmoja alimwambia juzi. Ni kweli. Uliinua gurudumu, ukalizungusha, ukatega sikio kama daktari, ukautaja ugonjwa kabla hujashika kifaa.

Mtu akileta pancha, ulimpa beseni la maji ukamwambia atafute mapovu mwenyewe. "Leo nakuzibia mimi, kesho ukiwa porini nani atakuzibia?" Nusu ya mji huu ilijifunza kuziba tyubu miguuni pako.

Na hukuweza kuipita baiskeli iliyoegemezwa vibaya. Upande wa cheni ukiwa umegusa ukuta, ulisimama. Hata kama si yako, hata kama mwenyewe yupo anakutazama, uliigeuza hadi cheni ikawa nje. "Cheni haili ukuta," ulisema. Uliwahi kuinuka katikati ya harusi ya binamu ukaenda kugeuza baiskeli ya mpiga picha. Mama alitamani ardhi ipasuke aingie.

Jumamosi ilikuwa siku yako. Ulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukafuata mto, ukapita mashamba ya mizabibu, ukapanda kwenye misitu ya milimani. Ulirudi mchana na vumbi hadi kwenye kope, unacheka peke yako. Tulikuuliza huko kuna nini. "Kuna changarawe," ulijibu, kana kwamba nyumbani hakuna mawe.

Ulimtengenezea Mama baiskeli yake, ya kijani, matairi mapana, kiti laini. Ikaning'inia darini mwa karakana miaka mitatu, ikimngoja.

Asubuhi ile ya mwisho mlizozana. Tulisikia sote, kuta za nyumba yetu unazijua.

"Twende leo tu. Hadi mizabibuni, basi."

"Kwa magoti haya?"

"Hayo magoti yanazeeka kwa kukaa. Yape kazi."

"Kama umeoa hilo dude, nenda ukalale nalo hukohuko. Hapa usirudi."

Ulicheka, Baba. Ukapiga kengele mara mbili getini, ukaenda.

Saa tano na nusu dereva wa trekta alikukuta umekaa chini kando ya mto, mgongo kwenye ule ukuta mfupi wa mawe kabla ya mizabibu, kofia mapajani, kama mtu anayepumzika. Moyo, daktari alisema. Kaka ndiye aliyekwenda kuileta baiskeli, akarudi na sentensi moja ambayo baadaye alitamani angeimeza: "Ilikuwa imeegemezwa ukutani, inatazama milimani."

Mama aliibeba sentensi hiyo mwaka mzima. Saa ile ulipaswa kuwa unarudi. Mbona ulitazama kule? Alimuuliza daktari, akamuuliza dereva wa trekta, akatuuliza sisi mezani huku kijiko kimesimama hewani. Halafu akaacha kuuliza, na hilo likawa baya zaidi, maana tulijua amejijibu mwenyewe: kwamba ulifika pale unarudi, ukayakumbuka maneno yake, ukageuza.

Tulimwambia si hivyo. Lakini tulikuwa tunabahatisha, naye alijua.

Basi wiki sita kabla ya siku hii ya kumbukumbu, Mama aliingia karakana akiwa na kanga kichwani, akamwambia Kaka, "Nishushie ile ya kijani." Kaka alidhani anataka kuiuza. "Nataka kuiona njia yake," alisema. "Yote."

Tuliondoka Jumamosi, saa ileile yako. Mama kwenye ya kijani, Kaka kwenye yako, sisi wawili wa mwisho kwenye zile za kuazimisha wateja, na mdogo wako, ambaye alikuja na viatu vya kutokea na suruali ya pasi. Hata hatujauacha mji, Baba mdogo alikuwa ameshalalamika. "Kiti hiki kilitengenezwa na adui," alisema.

"Kilitengenezwa na kaka yako," Mama alimjibu.

"Ndiyo huyohuyo nimemsema."

Bonde ni zuri, Baba. Hilo sasa tunalielewa. Mto unang'aa chini, mistari ya mizabibu imepanda kilima kama nywele zilizosukwa, na juu kabisa msitu, mweusi na kimya. Changarawe inasema chini ya tairi, krr krr, hadi mtu unasahau ulikuwa unawaza nini. Tulipoufikia ule ukuta, Mama hakusimama. Aliupita akiwa amegeuza uso upande wa milima, na sisi tukamfuata.

Tatizo ni kwamba hatukuijua njia yako kutoka pale. Kaka akakumbuka kuwa kila Ijumaa jioni ulikata tyubu chakavu vipande virefu vyembamba, ukajaza mfuko, ukaondoka nao kesho yake. Alikuwa na hakika ulikuwa unaweka alama za njia. Na kweli, kwenye nguzo ya kwanza ya mizabibu tukaona kipande cha mpira mweusi, kimefungwa kwa fundo lako la kuzungusha mara mbili. Mama alikigusa kwa kidole. Mbele kidogo, kingine. Kisha kingine. Tukavifuata kwa furaha, tukapanda mstari mmoja, tukashuka mwingine, tukapita tangi la maji la bluu. Baada ya nusu saa tukapita tangi la maji la bluu.

"Huku matangi ya bluu ni mengi," Baba mdogo alisema.

Mara ya tatu alikuta chini ya tangi ganda la ndizi aliyokula mwenyewe. Akalifunika kwa kiatu.

Ndipo akatokea mama mmoja mwenye mkasi wa kupogolea kiunoni, msimamizi wa shamba. "Nyie watu, mnatafuta nini? Tangu asubuhi nawaona mnazunguka kama pia."

"Tunafuata alama za marehemu baba yetu," Kaka alisema, akamwonyesha mpira.

Mama yule akautazama mpira, akatutazama sisi, akashika nguzo kwa kicheko. "Alama? Hizo ni kamba za kufungia mizabibu! Mpira hauumizi tawi, likinenepa nao unavutika. Kila Jumamosi alituletea mfuko, akatufundisha na fundo. Shamba zima hili limefungwa kwa tyubu zake. Mngezifuata hizo mngezeekea humu."

Kisha akamwona Mama, na kicheko kikakatika. "Wewe ndiye wa baiskeli ya kijani."

Mama akasogeza baiskeli karibu. "Siku ile," alisema, "alifika?"

"Alifika, shoga yangu. Akaacha mfuko wake, akanywa maji. Kwa kawaida alipitiliza hadi msituni, lakini siku ile hakwenda. Saa nne na nusu akaaga. Alisema anawahi nyumbani, amemuudhi mtu."

Tulidhani limekwisha. Tulidhani Mama atalia, na sisi tutalia, na tutarudi wepesi. Lakini alikaza tu mikono kwenye usukani. "Basi aligeuzia njiani," alisema. "Baiskeli ilitazama milimani." Na kweli, ilitazama milimani.

Tulirudi, mto mkono wa kulia. Mama angeupita ule ukuta tena, tuna hakika, ila magoti ya Baba mdogo yaligoma palepale. Tukashuka. Kaka akaiegemeza baiskeli yako ukutani kama alivyokuja nayo, usukani ukielekea nyumbani.

"Iweke vizuri!" Mama alifoka, bila kufikiri. "Cheni inakula ukuta!"

Kaka akaigeuza, cheni ikawa nje.

Tukaitazama. Ilikuwa inatazama milimani.

Mama alisogea, akaigeuza ielekee nyumbani: cheni ikagusa mawe. Akaigeuza tena. Milimani. Akafanya hivyo mara tatu, polepole, kama mtu anayejaribu ufunguo. Ukuta uko upande mmoja tu wa njia, Baba, na cheni iko upande mmoja tu wa baiskeli. Uwe unakwenda, uwe unarudi, wewe ungeiegemeza hivyo hivyo. Sote tuliijua tabia yako hiyo. Mwaka mzima, hakuna aliyeikumbuka.

Mama akakaa chini pale ulipokaa wewe. "Mtu huyu," alisema. "Moyo unamzimika, yeye anageuza baiskeli." Alikuwa analia au anacheka, mpaka leo hatujui, naye hajatuambia.

Hatusemi kwamba sasa tunaelewa kila kitu. Hatujui kama uliumwa sana, au kama ulidhani umechoka tu. Hatujui ufunguo mdogo uliomo kwenye kopo la boliti ni wa kufuli gani. Tumeujaribu kila mahali. Hatujui kwa nini uliandika ukutani mwa karakana "17, siyo 19" ukapigia mstari. Kaka haruhusu mtu afute. Kuna siku tunakuita chakula kikiiva, kisha tunatazamana.

Lakini lile moja tunalijua. Ulikuwa unarudi nyumbani.

Wanaokukumbuka ni watoto wako watatu. Mdogo wako, ambaye amenunua kiti kipya. Wateja wako, na mikono yao yenye gundi. Wafungaji wa mizabibu bondeni, ambao sasa Kaka ndiye anawakatia tyubu. Na mke wako. Haipiti siku hatukutaji, wala haitapita.

Mfuko anaupeleka yeye, kila Jumamosi, kwenye ile ya kijani. Akifika ukutani anashuka, anaiegemeza, cheni nje, ikitazama milimani. Anakaa kidogo. Kisha anaigeuza, na kabla ya chakula cha mchana tunasikia kengele getini, mara mbili.