Hatua Ishirini na Tatu za Sauti

Kilindoni, Mafia
9 Juni

Kwako Baba yangu Esmail,

Shikamoo. Najua utaitikia marahaba kwa sauti, mpaka Mama Shahbanu aulize unaongea na nani. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na Mama, pamoja na dada Alifya na wote wa nyumbani kwake. Presha ya Mama inaendeleaje? Mwambie ile achari ya embe aliyonifungia nilipokuja kuwatembelea Ramadhani imekwisha zamani, na mkosaji ni mume wangu Jumanne, anayekula achari hata kwa chai. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Duka ulilonipa linaendelea, wateja wapo, na kiti chako kipo palepale nyuma ya meza ya kazi. Hakikaliwi na mtu yeyote, isipokuwa paka.

Barua hii anakuletea Jumanne mwenyewe, na pamoja nayo kuna boksi. Nakuomba usilifungue kabla hujamaliza kusoma. Nakujua, utakuwa umeshalifungua.

Basi umeshaona kwamba ni priamplifaya yako, ile uliyoiunda kwa mikono yako ukaniachia ulipohamia Dar. Mama atakuwa anasoma begani kwako, kwa hiyo naeleza kama ninavyowaeleza wateja: ni kile chombo kinachopokea muziki kwanza na kuupimia kiasi chake, ndipo kiupeleke kwenye amplifaya kubwa. Nimeing'oa volyumu yake. Volyumu ya kawaida ni utepe wa kaboni unaosuguliwa na kidole cha chuma, na chumvi ya hewa yetu unaijua, haichelewi kuifanya ikwaruze. Mahali pake nimeweka swichi ya kuzungusha yenye vituo ishirini na nne. Cha kwanza ni kimya. Kuanzia hapo ni hatua ishirini na tatu, na kila hatua ina rezista yake, kile kipande kidogo cha kubana umeme, upande wa kulia na pacha wake upande wa kushoto. Ukizungusha unasikia tak, na sauti inapanda kidogo tu, pande zote mbili kwa pamoja.

Kazi hii imenichukua karibu miezi mitatu, Baba. Swichi ya kwanza niliyoagiza ilikuwa inaachia kituo cha nyuma kabla ya kugusa cha mbele, ikawa kila nikizungusha spika zinapiga kishindo. Jumanne akasema kama nia yangu ni kufukuza kunguru, yeye angeninunulia manati. Nikaagiza nyingine, ile isiyoachia cha nyuma mpaka iguse cha mbele, kama mtu mwenye akili anavyoshuka kwenye mashua. Halafu zikaja rezista. Mistari ya rangi inayotaja kipimo chake inaweza kufanana na zenyewe zisifanane, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba rangi ni ahadi tu, shahidi ni mita. Nilipima karibu mia tatu, kila moja mara mbili, nikazipanga kwenye trei za mayai mpaka nikapata jozi ishirini na tatu za pacha wa kweli. Wateja walidhani nimeingia kwenye biashara ya kuku.

Muda wote huo nilikuwa nakukumbuka. Nilikumbuka siku nilipokuja kutoka Baleni na redio ya marehemu baba yangu mzazi, imekufa kama yeye, nikakuambia sitaki unitengenezee, nataka unifundishe. Uliniuliza kama naogopa shoti. Nikasema naogopa. Ukasema hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya fundi, ukanivutia kigoda. Mama akaniongeza kwenye chakula cha mchana kuanzia siku ileile, na hakuna siku niliyoona sahani yangu imepunguzwa. Yule bwana aliyekataa mwanamke asiifungue televisheni yake, ulimwambia aipeleke kwa fundi mwingine, nawe unajua fika hakuna mwingine. Alirudi baada ya siku mbili akiwa mpole. Hadi leo ananiita fundi. Baba, kila tonge ninalokula limetoka mkononi mwako, na nakushukuru kwa moyo wangu wote. Ningependa barua iishie hapa.

Lakini mficha uchi hazai. Kwa simu nimejaribu mara nne, na mara zote nne nimeishia kukuuliza habari za mvua.

Miaka saba iliyopita, volyumu ya mashine hii ilipoanza kukwaruza, uliagiza nyingine, ukaniambia nisiiguse ile ya zamani mpaka mpya ifike. Mimi ni mtoto wa Baleni. Kwetu mafuta ya nazi hupakwa bawaba, cherehani, mnyororo wa baiskeli, nywele, hata sikio linalouma. Ulipokwenda kuswali Ijumaa nilichukua unyoya wa kuku, nikadondosha mafuta ya nazi ndani ya volyumu, na upande wa kulia nikazidisha. Mkwaruzo ukanyamaza papo hapo. Nilifurahi, nikasema moyoni nitamshangaza. Siku ya tatu mafuta yalikuwa yameshika vumbi, sisimizi wameingia, na upande wa kulia sauti imefifia, utadhani inatoka nyumba ya jirani.

Jioni ile ulikaa kwenye kiti chako, ukawasha muziki, ukafumba macho. Ukageuza kichwa huku, ukageuza kule. Wiki hiyo sikio lako la kulia lilikuwa likikuuma na ulikuwa umelilalamikia sana. Hukuigusa mashine. Uliniuliza mimi, kwa kuwa ulikuwa unasema masikio yangu yanaishinda mita, kama nazisikia pande zote mbili sawasawa. Nami nikakujibu ndiyo, Baba, sawasawa kabisa.

Niliogopa ungenirudisha Baleni. Sina sababu nyingine ya kukupa.

Ilipofika volyumu mpya niliibadilisha ukiwa msikitini, nikaitupa ile ya mafuta chooni. Lakini wewe ulikuwa umeshaacha kusikiliza. Ulisema fundi wa sikio moja hafai kupima sauti za watu. Mama alikusihi ukapimwe, ukamjibu kwamba uzee haupimwi. Kabla ya mwaka kuisha ukanikabidhi vyombo vyako vyote, meza na ufunguo wa duka, mkahamia kwa dada Alifya. Watu walikuja kunipongeza, na mimi nikapokea pongezi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka saba, na kila mwaka nilijiambia kwamba labda sikio lako lilikuwa limekufa kweli, kwa hiyo uongo wangu haukukudhuru.

Mpaka Ramadhani hii. Baada ya futari ulijilaza sebuleni kwa ubavu wa kushoto, na sikio unaloliita zima limezama kwenye mto. Ukafumbua macho, ukasema bomba la jikoni linadondoka. Mama akaenda, akakuta kweli linadondoka, tone moja moja. Dada Alifya akacheka, akasema wazee husikia wanachotaka wao. Wote mkacheka. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la tambi; nikaliweka chini, nikalitazama sikio lako la kulia, lililokuwa juu.

Ndiyo maana nimeijenga hii. Sikutaka kukuletea maneno yangu matupu, kwa sababu neno langu ulishaliamini mara moja. Pande hizi mbili nimezipima mimi, na karatasi ya vipimo imo ndani ya boksi, lakini usiiamini nayo. Chukua mita, pima upya. Ukisharidhika, kaa katikati ya spika zako, weka hatua ya tisa. Pembeni utaona swichi ndogo inayobadilishanisha kulia na kushoto. Kama upande mmoja utakuwa hafifu, ibonyeze. Uhafifu ukihama, kosa ni la mashine, yaani langu tena. Ukibaki palepale, ni sikio, na hapo nakuomba kwa heshima ya Mama ukapimwe. Lakini mimi nadhani hutasikia uhafifu wowote.

Nisamehe, Baba. Ukinikasirikia ni haki yako, na sitamtuma mtu kuja kunisemea. Vyombo nilivipata kwa uongo, kwa hiyo ukivitaka nitavifunga vyote nivilete mwenyewe, na ufunguo juu yake. Ukitaka kuvifuata huku, kiti kipo. Nitamtoa paka.

Mpe Mama mkono wangu, umwambie nambusu vidole vyake. Dada Alifya msalimie sana, na mwambie bomba lile afunge mpira mpya, asizungushie uzi. Jumanne atakaa huko siku tatu. Usimpe jibu haraka, mpe chai tu, na achari muifiche.

Nimemaliza. Washa mashine, Baba, na safari hii usiniulize mimi. Sikiliza mwenyewe.

Mwanao uliyemfundisha,
Warda