Chaneli Iliyozimwa na Uongo Niliomwambia Tata

Jumapili jioni, Nyeri. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi na Mlima Kenya hatujauona wiki nzima. Nimetoka Mweiga sasa hivi, hata koti sijavua.

Leo Tata Wangechi amenikaribisha sebuleni.

Kwa asiyeijua familia yetu, hilo ni jambo dogo. Tata ni mdogo wake marehemu mama, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Kwake mimi ni mtu wa jikoni. Huwa naingia kwa mlango wa nyuma, nikavuta kigoda karibu na moto, nikaanza kumenya viazi bila kuambiwa. Leo alinifungulia mlango wa mbele. Akaniketisha kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, akaniletea chai kwa kikombe na kisahani chake, vile humletea pasta wa kanisa. Akaniuliza kama njia ilikuwa nzuri.

Hapo nikajua mambo yameharibika.

Kwa miaka tisa nimesimamia ofisi ya wakala wa kampuni ya televisheni ya kulipia hapa mjini. Jina la kampuni silitaji, bado nafanya kazi huko. Tunauza dikoda, tunafunga madishi, tunasikiliza malalamiko. Kitu chenyewe tunachouza ni kifurushi: rundo la chaneli kwa pamoja, za mpira, za katuni, za mapishi ya vyakula ambavyo Nyeri hii hakuna atakayevipika. Watu wengi wa huku hutaka moja tu, stesheni yetu ya Kikuyu. Lakini hiyo haiuzwi peke yake. Ni kama mama wa sokoni Karatina akuambie ukitaka kabichi moja lazima uondoke na gunia zima. Watu walibeba gunia. Nami niliwasaidia kulipandisha mgongoni, nikitabasamu.

Tata alibeba lake kwa sababu yangu. Sikio lake la kushoto halisikii kabisa na la kulia linaelekea huko huko, kwa hivyo redio kwake ilishakuwa kelele tu. Lakini stesheni ya Kikuyu, baada ya habari za jioni, hutangaza vifo, na picha ya marehemu hukaa kwenye kioo pamoja na maandishi mpaka mtu amalize kuyasoma. Anaishi peke yake na ng'ombe wawili na shamba la viazi. Kwa njia hiyo alijua nani ametutoka, anazikwa wapi, siku gani. Mimi ndiye niliyempelekea dikoda. Wekesa, fundi wetu, ndiye aliyepanda juu ya mabati kuelekeza dishi, na Tata akamfungia viazi vya kupeleka nyumbani.

Wekesa ni mtu wa Bungoma. Amekaa Nyeri miaka mingi hadi anajua Kikuyu cha kubishana bei. Kumbukeni jina lake, maana nina deni kwake ambalo halilipwi kwa pesa.

Mwezi wa sita, ile stesheni iliiambia kampuni yetu: mnatuuza kila mwezi, basi na sisi mtulipe. Kampuni ikajibu kwamba stesheni ndiyo ingepaswa kulipa kwa kubebwa kwenye madishi yetu. Wakavutana huko Nairobi, kila upande na mawakili wake, mkataba ukaisha, na asubuhi moja chaneli ikawa nyeusi.

Sisi wa ofisi za huku tulipata ujumbe kutoka juu. Wateja waambiwe ni hitilafu ya mitambo kwa sababu ya hali ya hewa, inashughulikiwa. Sababu haikuandikwa ila niliielewa: watu wakijua ni ugomvi, hawatalipia mwezi unaofuata. Wakidhani ni mvua, watangoja.

Niliwasomea mafundi ujumbe huo nikiwa nimesimama, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya ibada. Wekesa akacheka kwanza. Halafu akaona sicheki.

"Madam, unataka nipande juu ya mabati ya watu, nitafute signal yenye najua haiko?"

"Si mimi nimesema, Wekesa. Ni Nairobi."

"Lakini Nairobi haitapanda. Ni mimi nitapanda."

Hakupanda. Siku hiyo hiyo mwalimu mkuu mmoja wa Gatitu alimwita amrekebishie dishi, na Wekesa akamwambia ukweli mlangoni, bila hata kutoa ngazi. Mwalimu akapiga simu makao makuu akiwa moto, akataka arudishiwe pesa. Wao wakanipigia mimi. Swali lilikuwa moja: nani amesema?

Ningeweza kusema sijui. Tuna mafundi wanne.

Nilisema Wekesa.

Wiki ilipoisha, jina lake lilikuwa limetolewa kwenye orodha ya mafundi. Alirudisha ngazi na koti la kampuni, akatuaga wote kwa mkono, mimi wa mwisho. Hakuniuliza kitu. Nilijiambia kwamba hajui.

Tata alinipigia siku ya pili baada ya chaneli kuzimwa.

"Wairimu, TV yangu iko na shida. Ile yetu imepotea. Zile zingine zote ziko."

Niko ofisini, wateja watatu mbele yangu, na mmoja nimetoka kumwambia maneno yale yale. Nilikuwa nimeyasema mara nyingi mpaka yalikuwa yanatoka yenyewe. "Ni mvua ya huku Nyeri, Tata. Imeharibu mitambo. Ngoja kidogo, itarudi."

"Sawa, mwanangu," akasema. "Kama ni wewe umesema, nitangoja."

Alingoja wiki tatu.

Katika wiki hizo tatu, Nyaguthii wa Karatina alikufa.

Nyaguthii alikuwa rafiki wa Tata tangu wakiwa wasichana. Walilima mashamba ya watu pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, na hata Nyaguthii alipohamia Karatina hawakuachana. Nikiwa mdogo nilidhani ni ndugu. Ndiye aliyenishonea sare yangu ya kwanza ya shule, na akaacha upindo mrefu chini ili nikue nayo.

Tangazo lake lilisomwa jioni tatu mfululizo kwenye stesheni ya Kikuyu. Wenye antena ya kawaida waliliona. Wateja wetu waliona kioo cheusi na maandishi ya kuomba radhi. Watoto wa Nyaguthii hawakuwa na namba ya Tata. Ilikuwa ndani ya simu ya marehemu, na neno la siri la simu alikwenda nalo. Hawakuhangaika sana. Mama yao alikuwa amewaambia kila mara kwamba Wangechi hakosi matangazo hata siku moja. Wakajua ataona, atakuja.

Tata alipata habari kwenye kituo cha kupeleka maziwa, siku tano baada ya mazishi. Mama mmoja alimpa pole, naye akauliza pole ya nini.

Alikwenda Karatina peke yake na mtungi wa maziwa. Walimpokea vizuri, kwa ubaridi ule wa watu wanaokupokea kwa adabu tu. Binti mkubwa wa Nyaguthii akampa kile kitabu kidogo cha mazishi, chenye picha na ratiba. Leo Tata alikitoa kwenye Biblia yake akaniwekea mezani, kando ya kikombe.

"Soma," akasema. "Ukurasa wa nyuma."

Nilisoma. Sala ya kufungua. Wimbo. Neno kutoka kwa familia. Na chini yake: Neno kutoka kwa rafiki, Wangechi wa Mweiga.

"Wameniambia waliniita na kipaza sauti," Tata akasema. "Mara mbili. Watu wakageuka kuangalia nyuma. Halafu wakaimba wimbo mwingine ndiyo nafasi ijae."

Sikuweza kuinua macho. Alizungusha kisahani chake mezani, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, na upole ndio ulioniumiza.

"Ulijua?"

Ningetamani kuandika hapa kwamba nilijibu mara moja. Nilianza na kampuni. Nilianza na mkataba, na Nairobi, na ujumbe kutoka juu. Akanikatiza kwa kiganja.

"Sikukuuliza juu ya Nairobi."

"Nilijua, Tata."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu ambaye amethibitisha uzito wa gunia alilokuwa amekisia. Akasema wiki zile tatu Mweiga hakukuwa na mvua. Alikuwa akiwachotea ng'ombe maji mtoni kila siku, mtungi kwa mtungi, na kila alipoinua macho mbingu zilikuwa kavu hadi milima ya Aberdare. Lakini akajiambia, Wairimu amesema ni mvua ya Nyeri, basi Nyeri kunanyesha. "Niliamini wewe," akasema, "nikaacha kuamini macho yangu."

Aliyemwambia ukweli ni Wekesa. Baada ya kutoka Karatina, Tata alimpigia, kwa sababu mimi nilikuwa sishiki simu zake. (Ndiyo. Nilikuwa sishiki.) Wekesa alikuja siku iliyofuata na antena ya kawaida, akaifunga juu ya mti mrefu nyuma ya zizi, na stesheni ya Kikuyu ikaja safi, bila kifurushi chochote. Alimweleza kuhusu ule ugomvi. Tata alipomuuliza kwa nini hafanyi kazi nasi tena, alisema tu walikosana na wakubwa.

Hakunitaja. Tata ananiambia hayo huku akimsifu, na mimi nimeshika kikombe.

Sasa kichekesho cha mwisho, kama mnapenda vichekesho. Ijumaa tulipata barua kwamba pande mbili zimepatana. Chaneli inarudi. Inarudi kwenye kifurushi kikubwa zaidi, cha bei ya juu, na tumeagizwa tuwapigie wateja wa zamani tuwape habari njema. Nilipiga simu siku nzima. Wengi hawakushika. Mmoja aliniambia mjukuu wake humwonyesha kwenye simu kile anachotaka, hicho tu, basi. Mwingine aliniuliza kama mvua imekwisha, na sijui mpaka sasa kama alikuwa ananicheka. Ofisini tuna dikoda zilizorudishwa, zimepangwa ukutani hadi dirishani zinatuzibia mwanga. Miaka tisa nimeuza magunia, na watu wamegundua wanaweza kununua kabichi moja.

Wala siwalaumu. Kinachoniuma ni kwamba nilidhani walikuwa wananunua kampuni. Kumbe wengi wao walikuwa wananiamini mimi, binti wa hapa hapa, anayejua mama zao kwa majina. Hicho ndicho Nairobi ilikuwa ikiuza. Nami nilikitoa kwa bei gani? Kwa kuogopa simu moja.

Nilipoinuka kuondoka leo, nilimwomba Tata msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema msamaha wake ungengoja.

"Jumamosi utanipeleka Karatina. Utasimama mbele ya watoto wa Nyaguthii, uwaambie kwa mdomo wako kwa nini mimi sikusimama nilipoitwa. Wanafikiri nilimdharau mama yao. Mimi nikisema, nitaonekana natafuta sababu. Wewe ndiye uko na hayo maneno."

Nikasema ndiyo, Tata.

Akanisindikiza hadi getini, kama mgeni.

Nimekaa hapa na daftari tangu nifike, nikijaribu kuandika nitakachosema. Nimeandika mara sita. Kila sentensi inaanza na "kampuni." Kampuni ilituambia. Kampuni iliamua. Nimezifuta zote. Kuna moja tu iliyobaki, na hata hiyo nimeona aibu kuisoma kwa sauti nikiwa peke yangu chumbani: Mimi nilijua, nikamdanganya, na mwanamume aliyekataa kudanganya nikamtaja afukuzwe.

Sehemu hiyo ya mwisho Tata hajaisikia bado. Ataisikia Jumamosi, pamoja nao. La, hapana. Wekesa kwanza. Kesho, kabla sijafungua ofisi, nitaenda kwake nimwambie uso kwa uso, anijibu vyovyote atakavyojibu.

Kama atanifungulia mlango.