Kikombe cha Kaka Yetu Wanjala

Pipeline, Nairobi

Mdogo wangu Barasa,

Mgongo wako umepoa, au bado unabeba magunia kama kijana? Na mkeo, miguu imeacha kuvimba? Mimi napumua. Ila nina neno, lisome ukiwa umeketi.

Lile baka la mkononi ulilosema ni choa, si choa. Nilishika sufuria ya moto nisisikie, mpaka binti yangu Nekesa akanusa ngozi ikiungua. Akanipeleka kliniki. Ni ukoma, Barasa. Ule ule wa kaka yetu Wanjala.

Nilirudi nikakwaruza alama kwenye kikombe kimoja, nikakitenga dirishani.

"Mama, hiki cha nani?"

"Changu. Watoto wasikiguse."

Nekesa akakitwaa, akakinywea chai yake huku ananitazama. "Daktari alisema umeze dawa. Hakusema uhame."

Nikalia, mimi ambaye hata kwa mazishi ya Wanjala sikulia.

Unamkumbuka yule daktari wa serikali? Alimgeuza Wanjala kwa fimbo, mkono wake hakuuchafua. Akaandika karatasi, na tangu siku hiyo hatukuwa na kaka, tulikuwa na mkoma. Akapelekwa kambi ya wakoma. Alirudi na karatasi nyingine, kwamba amepona. Ile ya kwanza tuliiamini wote, na hakuna aliyejua kusoma. Ya pili nani aliiamini? Usikunje uso. Mimi ndiye niliyemtilia uji kwenye kikombe chenye alama, nikamsukumia kwa mguu. Na wewe ndiye uliyesema azikwe nje ya ua, mbuzi wanakofungwa. Tukanawa, tukaenda kula.

Leo muuguzi ananishika mkono huu huu, ananitania kama bibi yake: "Shosho, vidole hivi bado vya kusuka mkeka!"

Sasa nisikie. Nikifa utanizika ndani, karibu na mama. Sitakubali kupitishwa mbele ya kaka yangu amelala nje. Usimfukue, tumemsumbua vya kutosha. Ng'oa ua upande ule, uupande upya nyuma ya kaburi lake. Mbuzi watafute pengine.

Msalimie mkeo. Msalimie na katekista aliyekataa kumwombea Wanjala. Mwambie aje na jembe.

Ukimaliza nitakuja na kikombe changu, niketi pale nimmiminie uji.

Dada yenu, wewe na Wanjala,
Nasimiyu